Udongo Tulioutoa Njombe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomshika bibi yangu mkono na kumwingiza kwenye makaburi ya askari pale Njombe. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, ile ya kwetu inayokuonyesha pumzi yako mwenyewe, na majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimevaa viatu. Viatu navitaja kwa sababu enzi zile za Mwingereza kijana wa kijijini kwetu Mahongole aliyevaa viatu alijiona amekwisha kuwa mtu. Nilikuwa nasomea ualimu shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, na Kiingereza kidogo cha kujikwaa. Nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyejua kusoma.

Nikuonye mapema. Sikusimulii haya ili ucheke mwishoni. Kama unataka hadithi ya kijana aliyekosea akajirekebisha akapewa jogoo, kamtafute mzee mwingine. Wapo wengi, na majogoo wanao.

Bibi alikuwa mama yake baba. Aliniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyotania wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu, niletee kuni. Mume wangu, mbona umekuja bila chumvi?" Mume wake wa kweli, babu yangu Lukelo, alichukuliwa wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, baba akiwa bado ananyonya. Mjerumani alipita akachukua ng'ombe. Mwingereza akaja nyuma yake akachukua wanaume. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zilikuwa sisi. Babu hakupewa bunduki, alipewa sanduku la risasi alibebe kichwani. Akapanda nalo njia ya Njombe pamoja na wanaume wengine wa huku Makambako, na hakurudi. Mmoja aliyerudi alisema alimwacha Njombe akiwa na homa ya kuhara. Basi, hizo ndizo habari zote bibi alizopata kwa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa elewa desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hutaelewa nilichoharibu. Kwetu mtu akifia mbali, hurudishwa kwa udongo. Mjane wake, au mtoto wake, huenda kaburini akachota udongo wa upande wa kichwa, akautia kwenye chungu kipya ambacho hakijapikiwa. Tangu anapochota mpaka anapofika nyumbani hasemi neno, hatazami nyuma, hakiweki chungu chini. Akisema, wazee walituambia, marehemu hugeuka njiani na hapatikani tena. Udongo ukifika huzikwa kwa baba zake, na hapo ndipo jina lake linaweza kupewa mtoto. Jina la mtu ambaye hajarudi halipewi mtu, tunaogopa mtoto naye atapotea. Ndiyo maana kaka yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu ambaye aliitwa Kijana tu. Bibi alikuwa amekataa majina mengine yote. "Huyu ni Lukelo," alisema. "Mtamwita akija mwenyewe."

Mwaka huo jumbe alitangaza barazani kwamba serikali imetengeneza makaburi ya vita pale Njombe. Imejenga ukuta, imesimamisha mawe, na kila aliyemfia Mfalme ameandikwa jina lake.

Bibi akasimama katikati ya wanaume. "Kila aliyekufa?"

"Kila aliyekufa, bibi," jumbe akajibu. Sidhani alikusudia kudanganya. Aliambiwa naye akasema.

Siku hiyohiyo bibi akaenda kwa mfinyanzi kuagiza chungu. Baba akaanza kuchimba mahali pa kuzika, karibu na kaburi la babu yake. Mchungaji wetu hakuyapenda sana mambo haya ya udongo, lakini alikuwa mtu wa kwetu pia, akasema atakuja kuomba na hatauliza mengi. Mimi nikachaguliwa kwenda na bibi kwa sababu moja tu, kwamba nilijua kusoma. Mwanangu, sijui nikuelezeje nilivyovimba kichwa. Bibi alizunguka nyumba zote akisema, "Mume wangu atanisomea mume wangu." Watu wakacheka mpaka machozi.

Tulipanda lori pale Makambako, tukalala Njombe kwa ndugu wa kanisani, na asubuhi tukaenda. Dereva alikuwa ametuambia saa sita anarudi, na kwamba yeye hangoji mtu.

Mahali penyewe palikuwa pazuri. Sikutegemea hivyo, na uzuri ule ulinitisha kidogo. Ukuta mfupi wa mawe uliopakwa chokaa, geti la chuma, nyasi zilizokatwa, na mawe meupe yamesimama katika mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Mzee mmoja wa Kikinga, kutoka milima ya Makete, alikuwa akifyeka pembeni. Alituamkia, "Kamwene," nasi tukaitikia. Akatuangalia, akaangalia chungu, kisha akaendelea na fyekeo lake. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ningemwendea yule mzee nikamweleza tunamtafuta nani, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini mimi msomi nitamuuliza nini mfyeka nyasi?

Nikaanza kusoma. Nilisoma jiwe la kwanza, la pili, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Bibi alinifuata nyuma, na kila nikisimama aliuliza, "Ndiye?" Nami nikajibu, "Bado, bibi." Yalikuwa majina ya Kizungu. Kapteni fulani, luteni fulani, umri, mwaka, msalaba. Pembeni kulikuwa na mawe machache ya askari Waafrika, majina ya watu wa Nyasa na kwingineko, watu waliokuwa na namba na bunduki. Nilisoma yote. Nikarudi mwanzo nikasoma tena, sasa kwa haraka, jasho likinitoka kwenye baridi ile. Hakuna Lukelo. Hakuna mpagazi hata mmoja. Wale waliobeba masanduku ya wote hawa, ukuta ule haukuwa umewasikia.

"Ndiye?" bibi akauliza kwenye jiwe la mwisho.

Watu niliowahi kuwadokezea habari hii, wawili tu, walinifariji wakasema nilimhurumia mzee wa watu. Haikuwa huruma. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nalijua sura yake. Niliona watu wa Mahongole wakiniuliza, "Msomi, umeshindwa kusoma?" Nilitaka kuwa mjukuu aliyempata babu. Lori nalo lilikuwa linakaribia kuondoka. Basi kinywa changu kikafunguka chenyewe kikasema, "Ndiye, bibi. Huyu hapa."

Hakulia. Alipiga magoti kwa uchungu wa viungo vyake, akanyoosha mkono akagusa jiwe. "Jina lake liko wapi?" Nikamshika kidole nikakipitisha kwenye herufi, moja baada ya nyingine, taratibu kama ninavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Jina lile lilianza kwa herufi W. Kidole cha bibi kilikuwa kigumu kwa jembe, na mimi nikakipitisha kwenye jina la mtu mwingine mpaka mwisho.

"Ni refu," akasema.

"Wameandika na la baba yake," nikamjibu. Uongo ukishazaliwa, mwanangu, hudai kunyonyeshwa.

Akachota udongo upande wa kichwa. Akaufunika kwa kitambaa. Akafunga mdomo, akainuka, akaenda getini bila kutazama nyuma.

Ndipo yule mzee wa Kikinga akaja, akiwa na fyekeo begani. Alimtazama bibi, akaelewa kwamba haruhusiwi kusemeshwa, maana desturi kama hiyo aliijua. Akanivuta mkono mpaka nyuma ya mstari wa mwisho.

"Kijana, wewe unajua kusoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sijui. Lakini najua kila aliyelala humu, maana wengine niliwachimbia mwenyewe. Yule mliyemchota ni Mzungu. Alikuwa mkubwa wako kidogo tu, nywele nyekundu. Homa ilimshika siku tano akimwita mama yake. Bibi anamtafuta nani?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mume wake. Alikuwa mpagazi."

Akanyoosha fyekeo nje ya ukuta, kwenye mteremko uliopandwa viazi. "Wapagazi hawamo humu. Wapo kule. Mimi nilikuwa mpagazi. Tuliwashusha kwa machela, tukawatia shimo moja, siku nyingine mashimo mawili. Hakukuwa na mtu wa kuandika, na sisi tuliokuwapo tulikuwa hatujui."

"Babu yangu yumo?"

"Sijui," akasema. "Wengine tuliwaacha njiani. Siwezi kukudanganya. Lakini ungeniuliza, ningempeleka. Angechota pale, akijua kwamba hajui. Pengine angemchota yeye, pengine angemchota mwenzake aliyeshika naye mzigo. Wote walikuwa wa kwenu. Sasa wewe umempa mtu ambaye hata njia ya kwenu haijui."

Akanikaripia kwa sauti ya chini, ili bibi asisikie, na karipio la sauti ya chini linauma kuliko fimbo. "Mzungu hakuandika majina yao kwa sababu hakuwajua. Wewe ulimjua, na umemfuta. Haya, nenda. Bado hajatoka getini. Mwambie amwage, aje huku, aanze upya. Atalia, lakini atalia mahali pake."

Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama pale getini ametugeuzia mgongo, chungu amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Bado hatua thelathini. Barabarani lori likapiga honi.

"Nikimwambia sasa atapiga kelele," nikasema. "Akisema neno mzimu utageuka. Nitamwambia nyumbani."

"Mzimu upi?" yule mzee akasema. "Nyumbani hutamwambia."

Akarudi kwenye nyasi zake. Mila, iliyowekwa ili marehemu asipotee, mimi niliigeuza kichaka nikajificha. Na jina la mzee yule sikuliuliza. Mpaka leo silijui.

Njia nzima bibi hakusema. Dereva alimsalimia, "Kamwene, bibi," nikamnong'oneza kwamba amebeba marehemu, akavua kofia na akaendesha taratibu kwenye mashimo, yeye aliyesema hangoji mtu. Kutoka Makambako tulitembea kwa miguu. Watu waliotuona walisimama pembeni ya njia, wanawake wakapiga magoti. Kila aliyepiga magoti alinichoma. Mara tatu nilifungua kinywa na mara tatu nikakifunga.

Baba alikuwa ametusubiri pale alipochimba. Mtu mzima aliyekaribia miaka arobaini, mwenye mikono kama mizizi ya mti, alikipokea chungu kutoka kwa mama yake akakitazama. Hakuwahi kumwona baba yake. Hakuwa hata na sura ya kumkumbukia. Akainama akasema kwenye udongo ule, "Kamwene, baba." Kisha akaanza kulia, na sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya siku hiyo. Nilienda nyuma ya ghala, nikakaa huko mpaka waliponiita.

Tukazika. Mchungaji akaomba. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukanywewa mpaka jioni, mtoto wa kaka yangu akainuliwa juu mbele ya ukoo akaitwa Lukelo, na bibi, ambaye sasa aliruhusiwa kusema, alisema kuliko wote. Aliimba. Alinishika mashavu mbele ya watu akaniambia, "Mume wangu, umenirudishia mume wangu." Hakuna aliyecheka safari hii.

Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nilimkuta ameketi karibu na lile tuta, anamsimulia yaliyopita tangu aondoke: nani alikufa, nani aliolewa, mwaka wa nzige, ng'ombe gani alizaa. Nikasema nitamwambia wiki ijayo, nikarudi shuleni. Likizo iliyofuata niliingia jikoni kwake nikamkuta anachora kwenye majivu kwa kidole. Alikuwa anachora W. Alikuwa ameikumbuka kutoka jiweni, na alikuwa akiichora kila siku akisubiri maji yachemke. Akanitazama kwa fahari akaniuliza, "Nimepatia?"

Nikamwambia amepatia.

Alikufa baada ya mwaka mmoja na miezi michache. Alikuwa ameagiza tumzike upande wa kulia wa mumewe, nasi tukamzika hapo. Mimi ndiye niliyesoma Neno kaburini, kwa sababu ndiye niliyejua kusoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa na siku mia nne na zaidi za kuyazuia, nikayaangalia tu yakienda.

Niliporudi Njombe, tayari nikiwa mwalimu, bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya. Mawe yalikuwa safi, na aliyekuwa akifyeka alikuwa mtu mwingine, kijana, ambaye hakujua chochote. Wa kabla yake, alisema, alikufa. Nilivuka ukuta nikateremka. Viazi havikuwapo tena, walikuwa wamepanda miwati, miti imesongamana, na chini hapakuwa na tuta wala alama. Nilipiga magoti nikachota udongo, nikaushika. Nimpelekee nani? Aliyeungoja alikwisha kulala na mwingine. Nikaurudisha chini nikaufuta mikononi.

Nimeyafikiria sana makaburi yale. Watu huenda pale wakasema ni mahali pa heshima, na ni kweli, walioandikwa wameheshimiwa, na wala siwaonei wivu. Yule kijana wa nywele nyekundu alikuwa na mama. Pengine mama yake aliletewa picha ya jiwe lile akaiweka ukutani, akafa akiamini mwanawe yuko chini yake, hajapungua. Udongo wa kichwani pake uko Mahongole kwa sababu yangu, kati ya wazee wasiojua lugha yake, na mwanamke mgeni amelala kuume kwake akimwita mume. Huyo naye nilimkosea. Lakini ukuta una pande mbili, mwanangu. Wa ndani wanatunzwa kwa chokaa. Wa nje walipandiwa viazi, wakalimwa. Na wa nje ndio waliokuwa wengi.

Majuto ni mjukuu, husema Waswahili, huja kinyume. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe, na nilikuja kweli.

Sasa nikuambie wazi, usije ukasema mzee alizunguka. Ukiombwa kusoma, soma kilichoandikwa. Kama hakikuandikwa, sema hakikuandikwa, hata kama anayekusikiliza ametembea miaka thelathini kufika hapo. Uchungu wa kweli una mahali pa kulilia, lakini faraja ya uongo humwacha mtu analia kaburini kwa mwingine. Ukikosea, rudi ukiwa bado hatua thelathini kutoka getini, maana baada ya hapo kila siku huongeza hatua. Usimdharau mfyeka nyasi, na ukimaliza kuzungumza naye muulize jina lake. Na ukipelekwa siku moja kwenye makaburi ya askari, usome majina, uwaheshimu, kisha uvuke ukuta ukaulize waliobeba mizigo wako wapi. Usipopata jibu, simama hapohapo bila jibu. Usijitungie.

Mtoto yule, Lukelo wa kaka yangu, sasa ni mzee mwenye wajukuu. Kila mwaka husafisha lile tuta na kumwamkia somo wake. Sijamwambia. Haya niliyoyaandika, yeye hawezi kusoma vizuri siku hizi, macho yamemwisha, na jana ameniletea ujumbe kwamba amesikia naandika habari za zamani, na kwamba anakuja Jumapili nimsomee.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi usioogopa kusema sikumwona. Akupe miguu ya kurudi mapema. Na siku yako ikifika, akujalie kulala kwa watu wako, ukililiwa kwa jina lako. Mimi niombee nifike Jumapili, na nikifika, niombee nisome kilichoandikwa.